Steshenari ya chini ya mwembe: tathmini ya mwandishi wa riwaya za majini

Muswada wa riwaya ukiandikiwa Mtwara, kituo chake cha kwanza ni steshenari. Nimeandika riwaya tatu za mapenzi kati ya binadamu na majini, na zote zimepita katika duka moja lililo chini ya mwembe, kwenye mojawapo ya barabara za Mtwara mjini zinazoelekea Shangani. Sitalitaja kwa jina, kwa kuwa nina malalamiko mawili mazito juu yake na mwenye duka ni mtu ninayesalimiana naye karibu kila siku. Isitoshe, jua limeyala maandishi ya bango lake kiasi kwamba hata wateja wa miaka mingi hulielekeza kwa mwembe. Ninayoyaeleza hapa ni huduma niliyoipata wakati wa kupiga chapa riwaya ya tatu, kazi niliyoahidiwa kwa wiki tatu ikachukua saba. Pamoja na hayo yote, riwaya ya nne nitaipeleka palepale.

Duka ni chumba kimoja kisichozidi hatua tano kwa nne. Ndani yake kuna kompyuta mbili za mezani, mashine moja ya kudurufu ambayo mlio wake unausikia tangu barabarani, feni ya kusimama inayopeperusha karatasi za wateja, na kaunta ya kioo iliyojaa bahasha za kaki, gundi, kalamu na picha za pasipoti zilizosahauliwa na wenyewe. Bei zake ni za kawaida kwa mji huu: kupiga chapa ukurasa mmoja kutoka mwandiko wa mkono ni shilingi 700, kuutoa kwenye karatasi ni shilingi 150, na kujalidi kwa spairo ni shilingi 3,000. Riwaya yangu ilipokamilika ilikuwa na kurasa 214, kwa hiyo hesabu yote ilifika shilingi 184,900, nasi tukapatana kwa 170,000. Ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa, imebandikwa karatasi ngumu inayosema kwamba mkopo ni kesho.

Karatasi hiyo haisemi kweli, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalolisifia duka hili. Pato langu la uhakika linatokana na mikorosho tuliyoachiwa na baba yetu kule Newala, na kila anayelima korosho anajua kwamba katika mfumo wa stakabadhi ghalani mtu hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, akasubiri mnada, kisha akasubiri tena fedha ziingie benki. Mwandishi wa hali yangu huwa na muswada uliokamilika mwezi Agosti, wakati mikorosho ingali katika maua na mfukoni hamna kitu, na fedha humfikia Novemba au Desemba, wakati ambapo hamu ya kuisoma upya kazi yake imekwisha. Mwenye duka alinifungulia ukurasa katika daftari lake la madeni, akaandika jina langu na neno moja tu mbele yake, “korosho”, na hakunikumbusha hata mara moja hadi siku niliyomlipa. Maduka mawili ya mjini niliyoyauliza kabla yake yalitaka nusu ya malipo mkononi kabla ya kufungua daftari langu.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini nisiandike moja kwa moja kwenye kompyuta au hata kwenye simu, kama wanavyofanya waandishi vijana wanaotuma sura moja moja kwa wasomaji wao na kulipwa kwa simu hiyohiyo. Mimi pia huuza sura kwa njia hiyo, kwa shilingi 500, lakini siwezi kutunga juu ya kioo kinachong'aa. Naandika kwa mkono katika kaunta buku za kwaya tatu, kuanzia baada ya swala ya alfajiri hadi saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye mkeka barazani, kwa sababu saa hizo upepo wa bahari bado ni baridi na majirani hawajaanza kupita kuomba chumvi. Mwandiko wangu ni mbaya. Nafuta, naandika pembeni, nachora mishale inayovuka kurasa mbili, na mara nyingine aya moja huendelea nyuma ya jalada. Mpiga chapa anayeweza kuifuata mishale hiyo anastahili zaidi ya shilingi 700 kwa ukurasa, nami nilimwambia hivyo mwenye duka, ingawa sikumwongezea hata senti.

Mpiga chapa wa duka hili ni binti mmoja mzaliwa wa mkoa wa Lindi, mwenye umri ambao angeweza kuwa mwanangu wa tatu, na yeye ndiye sababu ya tathmini hii kuwa ndefu. Wapiga chapa wengi hunakili herufi bila ya kujua zinasema nini; ukiwaandikia kwamba mke alimzaa mumewe, watachapa hivyohivyo. Huyu husoma. Siku ya kwanza alinishikamoo, akachukua daftari, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama huyo mwanamume wa sura ya kwanza ni mtu au si mtu. Nilipomjibu kwamba asubiri, alivuta kiti akaanza kazi papo hapo, akawaacha wateja wawili wa picha za pasipoti kaunta.

Katika rasimu ya kwanza mwanamume huyo alikuwa mtu anayegeuka simba. Nilikuwa nimesoma riwaya kadhaa za aina hii zilizoandikwa Marekani na Uingereza, ambamo mabinti hupendana na wanyonya damu na wanaume wanaogeuka mbwamwitu, nami nikajiambia kwamba mbwamwitu wetu ni simba, kwa kuwa hadithi za simba wa kutumwa na wachawi zimejaa kuanzia Ruvuma hadi Rufiji. Binti alichapa hadi ukurasa wa 31, kisha akasimamisha kazi na kunipigia simu. “Mama,” aliniambia nilipofika, “kwetu simba si wa mapenzi.” Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mtu wa upande wa mama yake alichukuliwa na simba akiwa amelala kwenye dungu, akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, na kwamba hadi leo katika nyumba hiyo jina la mnyama yule halitajwi baada ya jua kuzama.

Sikuwa na jibu. Baadaye nilikumbuka kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba katika Tanzania tangu mwaka 1990, na kwamba Lindi ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Sababu iliyotajwa ni hiyohiyo aliyoisema binti bila ya kuusoma utafiti wowote, yaani nguruwe huyafuata mazao, simba huwafuata nguruwe, na mkulima hulala katikati yao. Uingereza mbwamwitu walikwisha karne nyingi zilizopita, na ndiyo maana mwandishi wa huko anaweza kumvika mnyama huyo koti na kumfanya mchumba bila ya kumkumbusha mtu yeyote matanga. Mimi nisingeweza. Nilizitupa kurasa zote 31, na duka likanitoza nusu ya bei yake, jambo ambalo naliona ni la haki kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Hivyo ndivyo mpenzi wa Tima, kwa jina alilokuwa nalo shujaa wangu wakati huo, alivyogeuka kuwa jini mahaba, na nashangaa kwamba nilikwenda kumtafuta mbali wakati yuko mlangoni. Hakuna mtaa wa pwani usio na mwanamke aliyefikisha miaka 35 bila ya kuolewa, ambaye watu humnong'ona kwamba ana mume asiyeonekana. Jini wa namna hiyo huja na masharti, na masharti ndiyo mhimili wa riwaya: asitajwe kwa mtu, chumba kifukizwe usiku wa kuamkia Ijumaa, na asiingie mwanamume mwingine. Mwandishi hana haja ya kubuni mgogoro mwingine wowote, kwa kuwa sharti likishawekwa, msomaji hukaa akisubiri livunjwe, na kazi ya mwandishi ni kuchagua saa mbaya kuliko zote ya kulivunja.

Hapa pia mpiga chapa alinirekebisha. Nilikuwa nimeandika kwamba Tima alikuwa akichoma ubani kila Alhamisi jioni. Binti alichapa sentensi hiyo kama ilivyo, kisha akaniandikia pembeni mwa daftari kwa penseli: “Ubani tunachoma hata kwenye maulidi. Huyu wa mahaba mchomee udi, na halwaridi kidogo.” Alikuwa na haki. Nilibadilisha, na sura nzima ikabadilika harufu.

Harufu ya jini mwenyewe ilikuwa yangu, na ndiyo sehemu ya kitabu ninayojivunia bila ya aibu. Tangu mwezi Juni, mikorosho inapochanua, huku kwetu kila mkulima hupuliza salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na vumbi lile la njano hukaa kwenye nywele, kwenye mashati na kwenye viti vya daladala kwa miezi kadhaa. Katika hadithi za watu wa mbali, harufu ya kiberiti, yaani salfa hiyohiyo, humfichua shetani mara anapoingia chumbani. Jini wangu ananuka salfa tangu ukurasa wa kwanza na hakuna anayemshuku, kwa sababu katika msimu ule wanaume wote wa mkoa wananuka hivyohivyo. Tima anaanza kuwa na wasiwasi mwezi Januari, wakati korosho zote zimekwisha kuuzwa, salfa imeoshwa na mvua, na harufu ya mumewe iko palepale. Mpiga chapa alipofika hapo alikataa kuendelea baada ya saa kumi na mbili jioni, akafunga kompyuta na kuondoka. Nimewahi kusifiwa kwa njia nyingi, lakini hakuna sifa iliyonifurahisha kama kiti kile kitupu.

Kwa kuwa nimeulizwa mara kadhaa mambo haya nayatoa wapi, niseme kwamba mengi nayatoa umbali wa nauli ya daladala. Nyumba ya jini iko Mikindani, kilometa kama kumi kutoka mjini, katika gofu moja lenye mlango wa nakshi, chini ya Boma la Wajerumani la mwaka 1895; ni mji uleule ambao Livingstone aliupitia mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya kuelekea bara. Tima humkimbia jini kwa kivuko cha Msangamkuu, akidhani kwamba maji ya chumvi yatamzuia, na kumbe jini ndiye aliyemlipia nauli. Kutoka kwa wachongaji wa Kimakonde nilijifunza jambo moja kubwa. Vinyago vyao vya mtindo wa shetani, ambao chanzo chake kinanasibishwa na mchongaji Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, huacha matundu mahali ambapo wewe ulitarajia uso au kifua, na jicho lako hulazimika kulijaza tundu hilo lenyewe. Nimemwandika jini wangu kwa mtindo huo. Mikono yake inaelezwa hadi kwenye kucha, na uso wake hauelezwi popote katika kurasa 214.

Huzuni yake imetoka Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua huko mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na mifupa hiyo ikasafirishwa hadi Berlin, ambako mnyama mkubwa kuliko wote amesimamishwa katika makumbusho akiwa na urefu wa zaidi ya meta 13 kwenda juu. Jini wangu anadai kwamba mifupa ile ndiyo iliyokuwa mpaka wa makazi ya ukoo wake, na tangu ilipobebwa hajui tena kwao kunaanzia wapi. Ndiyo maana anatafuta nyumba kwa mwanamke. Nakiri kwamba sehemu hii wasomaji wengi huiruka ili wafike kwenye mapenzi, lakini binti mpiga chapa aliniuliza kama anaweza kuchukua nakala ya kurasa zake nne amwonyeshe mdogo wake wa kidato cha pili, nami nikamruhusu.

Sasa malalamiko. Kazi ilipokuwa imekamilika na kutolewa kwenye karatasi, binti wa jirani yangu, ambaye naye anaitwa Tima, alichumbiwa. Ilikuwa haiwezekani kutoa kitabu mtaani ambamo Tima ameolewa na jini wakati Tima mwingine anapelekewa barua ya posa nyumba ya pili kutoka kwangu, na mama yake ni mtu wa kusoma kila kitu. Nikaomba jina libadilishwe liwe Zuhura katika muswada wote. Siku hiyo binti hakuwepo, akawepo kijana mmoja mwenye haraka, ambaye aliniambia kwamba kazi hiyo ni ya dakika moja na hainihitaji nisubiri. Kwa kweli ilikuwa ya dakika moja. Aliiamuru kompyuta ibadilishe kila “tima” kuwa “Zuhura”, akanitoza shilingi 5,000, akatoa kurasa zote 214 upya na kuzijalidi.

Nilifika nyumbani, nikafungua katikati, nikakuta kwamba mtoto yaZuhura alikuwa amelala. Nikafungua mbele zaidi, nikakuta mtu mwenye akili Zuhuramu. Katika ukurasa wa mwisho, mahali ambapo nilikuwa nimetumia wiki nzima kuitafuta sentensi moja tulivu, palikuwa na maneno haya: “haZuhuraye akafungua mlango.” Nilicheka hadi mjukuu wangu akaja kunitazama, kisha nikakasirika, kwa sababu hakuna aliyepitia hata ukurasa mmoja kabla ya kunitoza. Duka lilikubali kurekebisha bila ya malipo, ila karatasi zilizoharibika nililipia nusu, na hilo sikulikubali wakati ule wala silikubali sasa.

Faida niliyoipata katika hasara hiyo sikuitegemea. Binti aliporudi alikaa na mimi alasiri nzima tukayasaka makosa moja moja, na tulipomaliza tulikuwa tumehesabu “hatimaye” 61. Nilikuwa sijui. Miaka yote hii nimekuwa nikijiona mwandishi wa sentensi zenye subira, na kumbe kila nilipochoka na tukio niliita “hatimaye” ije kunimalizia. Tulizibakiza tisa. Sehemu nyingine zote ilinibidi niandike upya jinsi jambo lilivyofikia mwisho, badala ya kutangaza kwamba limefika, na sura ya mwisho ikawa bora kwa njia ambayo mhariri wa kulipwa asingeweza kunionyesha kwa uwazi ule.

Lalamiko la pili ni zito zaidi, nalo halina faida yoyote ndani yake. Faili la muswada liliachwa kwenye uso wa kompyuta ambayo kila mfanyakazi na wateja wengine huitumia, likiwa na jina langu kamili. Wiki ya tano nilipanda bodaboda kutoka sokoni, na kijana aliyenibeba akaniuliza, kwa adabu zote, kama ni kweli kwamba yule jini wa Mikindani atamwacha mwanamke baharini. Sura hiyo ilikuwa haijamfikia msomaji yeyote. Sikugundua ilitokaje, kama ni kwa flashi, kwa simu, au kwa mtu kuketi tu na kusoma, na mwenye duka alipoulizwa aliomba radhi na kulihamisha faili kwenye folda yenye nywila. Mtu anayeishi kwa kuuza sura kwa shilingi 500 anaporwa anapopoteza sura moja, hata kama mporaji anasifu. Nilipunguza ghadhabu yangu siku chache baadaye, si kwa sababu ya radhi, ila kwa kuwa kijana yule wa bodaboda alikuja nyumbani kununua sura zilizofuata.

Juu ya ubora wa kazi yenyewe sina mengi. Herufi zinatoka nyeusi na safi isipokuwa katriji inapokaribia kwisha, na hapo mstari mweupe hupita katikati ya ukurasa na hawakuambii mpaka uuone mwenyewe. Karatasi wanazotumia ni nyepesi, na kwa unyevu wa pwani hujikunja pembeni ndani ya mwezi mmoja. Kwa nakala kumi za wasomaji wangu wa kwanza niliomba kurasa mbili kwa upande mmoja wa karatasi, pande zote mbili, kwa hiyo kila nakala ilitumia karatasi 54. Kwa shilingi 200 kila karatasi, pamoja na spairo ya 3,000, gharama ya kila nakala ikawa 13,800, nami nikaziuza kwa 15,000. Anayedhani kwamba waandishi wa riwaya za mapenzi wanatajirika na apige hesabu hiyo mara kumi. Nashauri spairo badala ya gundi, kwa sababu vitabu vyangu viwili vya awali nilivyovifunga kwa gundi vilianza kuachia kurasa msimu wa masika wa kwanza.

Muda ndio udhaifu wao mkubwa. Ukipeleka kazi katika kipindi ambacho wanafunzi wanaomba mikopo ya elimu ya juu, sahau. Foleni inafika kwenye shina la mwembe, kila mtu ameshika cheti chake cha kuzaliwa, na daftari la mwandishi husogezwa pembeni chini ya rimu za karatasi. Umeme ukikatika, mwenye duka hana jenereta wala haombi radhi, anatoa kiti nje na kukaa. Wiki mbili katika zile saba zilipotea hivyo. Kwa upande wake, duka jingine la mjini nilikopeleka sura moja kwa majaribio lina umeme wa akiba, kiyoyozi na kompyuta mpya, na liliimaliza sura hiyo kwa saa tatu. Mpiga chapa wake, hata hivyo, aliona neno “ndondocha” halipo katika kamusi ya kompyuta, akalibadilisha kuwa “ndoto” bila ya kuniuliza, na hivyo katika sura ile watu wakawa wanafufuliwa makaburini na kulimishwa usiku wakiwa ndoto. Ilikuwa safi, imenyooka, na haikuwa yangu tena.

Anayetaka kulitumia duka la mwembe aende na flashi yake mwenyewe na kusimama hapo hadi faili lifutwe kwenye mashine. Amwombe binti kwa kumtaja kwamba ni yule anayesoma, maana wenyewe wanamjua hivyo, na kazi yoyote ya kubadilisha majina asimwachie mtu mwenye haraka. Mwenye barua ya kazi au fomu ya ukurasa mmoja hana sababu ya kuvumilia foleni yao; aende kwenye kiyoyozi.

Nakala kumi zilikuwa zimekwisha kugawiwa nilipogundua jambo moja zaidi. Binti alikuwa na tabia ya kuniandikia maswali ndani ya mabano kadiri alivyokuwa akichapa, nami nilikuwa nikiyafuta wakati wa kusahihisha, na moja lilinipita. Katika ukurasa wa 188, baada ya jini kurejea kutoka baharini na Zuhura kumfungulia mlango, palibaki maneno haya katika kila nakala: “(mama, mbona anamsamehe haraka hivi)”. Wasomaji watatu walinipigia simu kuuliza kama huyo anayesema ni mama yake Zuhura, ambaye alifariki katika sura ya pili. Wa nne, mwanamke mtu mzima wa Chikongola, hakuuliza ni nani. Alisema tu kwamba naye alikuwa akijiuliza hivyohivyo. Nilirudi dukani na kurasa mpya zilizoandikwa kwa mkono, ambamo jini analala barazani siku tatu kabla ya mlango kufunguliwa. Mabano yamefutwa, riwaya sasa ina kurasa 217, na kwa zile tatu za nyongeza duka limenitoza bei kamili ya kupiga chapa, shilingi 2,100.